Udenda Mwingi, Mate Haba: Tezi za Mate za Mtoto Mwenye Sindromu ya Down

Miongoni mwa maswali ambayo wazazi wa watoto wenye Sindromu ya Down huuliza katika kliniki za watoto na za kinywa, moja hurudi kila mara: "Daktari, mbona mate ya mtoto huyu hayaishi?" Kitambaa cha kifuani hulowa kabla ya saa moja kupita. Ngozi ya kidevu huwa nyekundu na kuchubuka. Jirani humtazama mtoto kwa huruma isiyoombwa, na ndani ya daladala abiria husogea kando. Mzazi anapofika kwa mtoa huduma, ombi lake huwa fupi: apewe dawa ya kukausha mate.

Ombi hilo linaeleweka, lakini limejengwa juu ya dhana ambayo sayansi haiiungi mkono. Tumezoea kusema dalili ya mvua ni mawingu, hivyo tukiona udenda tunahitimisha kwamba tezi zinazalisha mate kupita kiasi. Kwa watoto wengi wenye Sindromu ya Down hali ni kinyume chake. Tafiti nyingi zilizopima mate yao zimekuta kwamba kiasi wanachotoa kwa dakika ni pungufu kuliko cha wenzao wa umri huohuo. Vipimo vya picha navyo vimeonesha kwamba baadhi yao wana tezi ndogo kuliko kawaida, na wengine wamezaliwa bila tezi moja au zaidi. Udenda unaoonekana nje ni mate ambayo hayakumezwa. Si mate yaliyozidi.

Tofauti hii ina uzito mkubwa katika matibabu. Mtoto ambaye tayari ana mate haba, akipewa dawa ya kuyakausha, huweza kupoteza kinga kuu ya kinywa chake. Makala haya yanaeleza jinsi tezi hizo zinavyotofautiana, kwa nini udenda hutoka hata pale mate yanapokuwa machache, na hatua ambazo mzazi na mtoa huduma wanaweza kuchukua.

Sindromu ya Down kwa ufupi

Daktari Mwingereza John Langdon Down aliieleza hali hii kitaalamu mwaka 1866, lakini chanzo chake kilibaki fumbo kwa karibu karne nzima. Mwaka 1959 watafiti wa Ufaransa, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin, walichapisha matokeo yaliyoonesha kwamba seli za watu wenye hali hii zina kromosomu 47 badala ya 46. Ile iliyozidi ni kromosomu namba 21. Kwa takriban asilimia 95 ya watu wenye Sindromu ya Down, kila seli ina nakala tatu kamili za kromosomu hiyo. Kwa waliosalia, ama nakala ya ziada imejibandika kwenye kromosomu nyingine, ama ni sehemu tu ya seli za mwili zilizo na nakala hiyo.

Duniani, hali hii hutokea kwa takriban mtoto mmoja katika kila vizazi hai 700 hadi 1000. Uwezekano huongezeka kadiri umri wa mama unavyosogea, ingawa watoto wengi wenye hali hii huzaliwa na akina mama vijana kwa sababu wao ndio wanaozaa zaidi. Haisababishwi na laana, chakula cha mjamzito, kazi nzito wala kosa la mzazi yeyote. Si ugonjwa wa kuambukiza, na si jambo ambalo dawa huliondoa.

Jeni za ziada zilizomo katika kromosomu hiyo hugusa ukuaji wa viungo vingi kwa wakati mmoja. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na hitilafu ya moyo. Misuli yao huwa milegevu, hasa katika miaka ya mwanzo. Matatizo ya tezi ya thairoidi iliyo shingoni, ya kusikia, ya usingizi na ya kinga ya mwili hutokea kwao zaidi kuliko kwa watoto wengine. Orodha hiyo hufahamika kwa watoa huduma wengi. Tezi za mate hazitajwi sana ndani yake, ilhali zina nafasi katika kila tonge ambalo mtoto anatafuna.

Mate ni nini, na hutoka wapi

Binadamu ana jozi tatu za tezi kubwa za mate. Jozi ya kwanza, parotidi, iko mbele ya masikio. Ndizo zinazovimba mtu anapougua matubwitubwi. Jozi ya pili iko chini ya taya, na ya tatu iko chini ya ulimi. Pamoja nazo zipo tezi ndogondogo 600 hadi 1000 zilizotawanyika ndani ya midomo, mashavu na kaakaa. Kwa mtu mzima mwenye afya, tezi hizi hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku.

Zaidi ya asilimia 99 ya mate ni maji, lakini sehemu ndogo iliyobaki ndiyo yenye kazi nyingi. Humo mna bikaboneti inayopunguza makali ya asidi. Kalsiamu na fosfeti zinazorudisha madini kwenye jino. Kimeng'enya cha amilasi kinachoanza kusaga wanga. Protini za utelezi zinazolainisha tonge ili limezeke. Na kingamwili pamoja na protini nyingine zinazozuia vijidudu. Mtu anapokula kitu chenye sukari, bakteria wa kinywani huigeuza sukari hiyo kuwa asidi ndani ya dakika chache. Kiwango cha pH kikishuka chini ya takriban 5.5, jino huanza kupoteza madini. Ni mate yanayoirudisha hali katika usawa, kwa kawaida ndani ya nusu saa hadi saa moja. Mate yakiwa haba, muda huo hurefuka na jino hukaa ndani ya asidi kwa muda mrefu zaidi.

Tezi zinavyotofautiana

Tezi za mate huanza kujijenga mapema sana tumboni mwa mama, kuanzia wiki ya sita hadi ya nane ya ujauzito. Kila tezi huanza kama chipukizi dogo la ngozi ya ndani ya kinywa, likajichimbia katika tishu iliyo chini yake, kisha likagawanyika matawi na matawi mengine tena, mfano wa mti unaotanda. Kila ncha ya tawi huja kuwa kifuko cha kutengenezea mate, na kila tawi huwa mrija wa kuyasafirisha. Kazi hiyo huhitaji mawasiliano ya kemikali yaliyopangwa kwa usahihi kati ya seli na seli. Idadi ya jeni ikibadilika, mpangilio huo huweza kuyumba: matawi yakawa machache, au chipukizi likakoma kabla ya kuwa tezi.

Kwa watu wenye Sindromu ya Down, ushahidi wa mabadiliko hayo umepatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni picha. Kipimo cha ultrasaundi, ambacho hakina mionzi wala maumivu, huonesha vizuri tezi za parotidi na za chini ya taya. Mwaka 2013 watafiti wa Israel walichapisha taarifa katika jarida la kitabibu la watoto, Archives of Disease in Childhood, wakieleza kwamba walikuta watu wenye Sindromu ya Down waliozaliwa bila baadhi ya tezi zao kubwa za mate. Katika jamii kwa ujumla, kuzaliwa bila tezi kubwa ya mate ni jambo la nadra sana. Njia ya pili ni kupima mate yenyewe. Watafiti wa Brazil, mwanzoni mwa miaka ya 2000, walikusanya mate ya watoto wenye hali hii na kuyalinganisha na ya wenzao. Walikuta kasi ya kutoka kwa mate ni ndogo, na protini zilizomo zimekolea zaidi. Tafiti za nchi nyingine zimeelekea upande huohuo kuhusu kasi ya mate.

Kuhusu kemia ya mate, tafiti za awali zilizochunguza mate ya parotidi peke yake zilikuta bikaboneti nyingi na uasidi mdogo kuliko kawaida. Tafiti za mate yote ya kinywa zimetoa majibu yanayotofautiana. Kwa hiyo ni vyema mtoa huduma asijengee hoja kwamba mate ya mtoto huyu yana nguvu ya pekee ya kumlinda. Jambo linalorudiwa na tafiti nyingi zaidi ni uchache wake.

Inafaa kusisitiza kwamba si kila mtoto yuko hivyo. Wapo wenye tezi za ukubwa wa kawaida na mate ya kutosha. Ndiyo maana kila mtoto achunguzwe kivyake. Asihukumiwe kwa jina la hali aliyo nayo.

Basi udenda watoka wapi?

Mtu mwenye afya humeza mate mamia ya mara kwa siku bila kujua. Ili kumeza, midomo hufungwa, ulimi huinuka na kusukuma mate nyuma, na koo huyapokea. Mtoto mwenye Sindromu ya Down hukumbana na vikwazo katika kila hatua. Misuli ya midomo na ya taya imelegea, hivyo kinywa hubaki wazi. Sehemu ya kati ya uso wake ni fupi na kaakaa lake ni jembamba; ulimi, ambao mara nyingi una ukubwa wa kawaida, hukosa nafasi na kusogea mbele. Mafindofindo na nyama za pua zikiwa kubwa, au mafua yakiwa ya kudumu, mtoto hulazimika kupumua kwa mdomo. Hisia za kinywani nazo huweza kuwa hafifu, asitambue kwamba mate yamejikusanya. Mate machache yakikusanyika katika kinywa kilicho wazi, humwagika.

Zaidi ya hayo, hewa inayopita kinywani usiku kucha huyakausha mate yaliyomo. Hivyo mtoto huyohuyo anayelowesha kitambaa mchana huamka asubuhi midomo ikiwa imekauka na kupasuka, ulimi una mifereji mikavu, na pembe za mdomo zina vidonda. Hapo ndipo mzazi na mtoa huduma huchanganyikiwa, kwa kuwa wanaona unyevu na ukavu katika kinywa kimoja. Tukishaelewa kwamba udenda ni tatizo la kumeza na ukavu ni tatizo la kuzalisha, mkanganyiko huo hutoweka.

Kumbuka pia kwamba udenda kwa mtoto yeyote ni jambo la kawaida hadi karibu miezi 18 au miaka miwili, na zaidi wakati meno yanapoota. Kwa mtoto mwenye Sindromu ya Down, hatua za ukuaji huchelewa, na meno ya kwanza huweza kuota baada ya mwaka mmoja au hata kukaribia miaka miwili. Udenda wake kuendelea kwa muda mrefu zaidi hakumaanishi kwamba hali haitabadilika.

Meno na fizi

Kwa miaka mingi vitabu vya tiba ya meno vimesema kwamba watoto wenye Sindromu ya Down huoza meno kwa nadra. Zipo sababu zinazoweza kueleza hilo: meno yao huchelewa kuota na hivyo hukaa kinywani kwa muda mfupi kabla ya kuchunguzwa, mengine hayaoti kabisa, mengi ni madogo na yana nafasi kati yake, hivyo chakula hakikwami sana. Hata hivyo tafiti za karibuni hazikubaliani kwamba watoto hao wana kinga hiyo. Mtoto mwenye mate haba anayekunywa soda, juisi za pakiti na dawa za maji zenye sukari, akilala na chupa ya maziwa mdomoni, huoza meno kama mtoto mwingine yeyote.

Kuhusu fizi hakuna ubishi. Ugonjwa wa fizi huwapata mapema, huwa mkali, na huenda kasi kuliko kiasi cha uchafu kinachoonekana kwenye meno. Sababu kubwa ni kwamba chembe nyeupe za damu zinazopaswa kukimbilia eneo lenye bakteria hazifanyi kazi hiyo ipasavyo. Meno ya mbele ya chini ndiyo huathirika zaidi, na kwa kuwa mizizi ya meno yao mara nyingi ni mifupi, hulegea na kung'oka wakiwa bado vijana. Mate haba huongeza tatizo, kwa sababu kinywa hukosa maji ya kukisuuza kati ya mlo na mlo. Fangasi wa kinywa, anayeonekana kama utando mweupe, naye hupata makazi.

Hatari ya kukausha kilicho haba

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka sita anayeletwa kwa sababu ya udenda. Mtoa huduma anamwandikia dawa ya kuzuia mate. Baada ya wiki mbili kitambaa kinakauka, na familia inafurahi. Miezi michache baadaye mtoto anakataa ugali na wali mkavu. Anataka uji tu. Choo kimekuwa kigumu. Mate yaliyobaki ni mazito kama gundi, yanamkaba usiku, na anapata kikohozi kisichoisha. Mwaka mmoja baadaye meno yameanza kuoza kwenye kingo za fizi. Kila tatizo linatibiwa peke yake, na hakuna anayeliunganisha na dawa ile.

Mfano huu hausemi kwamba dawa hizo hazina nafasi. Wapo watoto ambao udenda wao ni mwingi kiasi cha kuharibu ngozi na kuwazuia shule, na kwao dawa huleta nafuu. Lakini dawa za kundi hilo hupunguza pia mwendo wa utumbo, huzuia mkojo na huongeza mapigo ya moyo. Watoto wenye Sindromu ya Down tayari wana mwelekeo wa kufunga choo, wengi wana historia ya ugonjwa wa moyo, na mboni za macho yao hutanuka zaidi wanapowekewa atropini. Dawa za mafua na mzio zinazonunuliwa dukani bila cheti nazo nyingi hukausha kinywa, na mzazi huenda asihesabu kwamba hizo ni dawa.

Kwa taratibu kubwa zaidi, kama sindano ya sumu ya botulinamu katika tezi au upasuaji wa kuhamisha mirija ya mate, uchunguzi wa tezi kwa ultrasaundi ufanyike kwanza. Itakuwa kosa kubwa kuidhoofisha tezi pekee aliyojaliwa mtoto kwa kudhani kwamba zipo nyingine tano.

Kwa mtoa huduma: uchunguzi usiohitaji mashine

Sehemu kubwa ya uchunguzi wa mate hufanyika kwa macho, vidole na maswali. Muulize mzazi: Je, mtoto huomba maji kila anapokula chakula kikavu? Hukoroma, au pumzi yake hukatika akiwa usingizini? Hupaliwa anapokunywa maji? Amewahi kulazwa kwa homa ya mapafu zaidi ya mara moja? Anatumia dawa gani, zikiwemo za dukani na za asili?

Kisha tazama kinywa kwa mwanga mzuri. Chini ya ulimi panapaswa kuwa na dimbwi dogo la mate. Likikosekana, au mate yakiwa povu tupu, ni ishara ya uchache. Kioo cha kuchunguzia kikinata kwenye shavu, ni ishara nyingine. Papasa mbele ya masikio na chini ya taya. Kausha shavu kwa ndani, kisha kandamiza tezi ya parotidi taratibu kuelekea mbele: mate yanatakiwa kuonekana yakichuruzika kwenye tundu dogo mkabala na gego la pili la juu. Fanya vivyo hivyo kwa tezi za chini ya taya, ambazo mirija yake hufunguka chini ya ncha ya ulimi.

Kasi ya mate huweza kukadiriwa kwa mzani mdogo. Pima uzito wa pamba kavu, iweke chini ya ulimi kwa dakika chache zinazojulikana huku umeishika ili mtoto asiimeze, kisha ipime tena. Gramu moja ya ongezeko ni karibu sawa na mililita moja ya mate. Kwa watu wazima, mate yanayotoka bila kuchochewa yakiwa mililita 0.1 au pungufu kwa dakika huhesabiwa kuwa haba mno. Kipimo hicho kisihamishiwe kwa mtoto mdogo moja kwa moja. Kinachofaa zaidi kwake ni kulinganisha vipimo vyake mwenyewe kutoka ziara moja hadi nyingine.

Zipo tahadhari mbili za usalama wakati wa tiba ya kinywa. Kwanza, moyo. Si kila mtoto mwenye tundu la moyo huhitaji dawa ya kuua bakteria kabla ya kung'olewa jino; huhitajika kwa walio katika hatari kubwa, kama wenye vali bandia, waliowahi kupata maambukizi ya moyo, wenye ugonjwa wa moyo wa kubadilika rangi kuwa bluu ambao haujarekebishwa, au walio ndani ya miezi sita baada ya kurekebishwa kwa kuwekewa kifaa. Wasiliana na daktari wake wa moyo. Kwa Tanzania, watoto wengi hawa hufuatiliwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Pili, shingo. Mifupa ya juu ya shingo ya baadhi yao haijashikana imara. Usikunje kichwa nyuma kwa nguvu kwenye kiti cha meno, wala wakati wa kumpa usingizi.

Mpe rufaa mtoto anayekoroma au anayekatika pumzi aende kwa daktari wa masikio, pua na koo. Njia ya pua ikifunguka, kinywa hufungika kwa urahisi zaidi, na udenda hupungua bila tezi kuguswa. Anayepaliwa mara kwa mara achunguzwe umezaji wake kabla ya jambo lolote jingine.

Kwa mzazi na mlezi

Samaki mkunje angali mbichi. Mazoea ya kinywa huanza kabla ya jino la kwanza.

Kunyonyesha ni zoezi la kwanza la misuli ya midomo, ulimi na taya. Mtoto mwenye Sindromu ya Down huweza kuchelewa kushika titi vizuri. Subira na msaada wa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto humwezesha. Anapoanza kula, mkalishe wima, miguu yake ikiwa na pa kukanyagia, na umpe vyakula vya kutafuna kulingana na uwezo wake. Asiishie kwenye uji na vyakula vilivyopondwa kwa miaka, kwa sababu kutafuna huchochea tezi zilizopo zifanye kazi. Lainisha chakula kikavu kwa mchuzi, na mpe maji kidogokidogo kati ya matonge.

Udenda usikemewe. Kumwambia mtoto "funga mdomo!" mbele ya watu humvunja moyo bila kumfundisha. Badala yake, mguse mdomo wa juu taratibu na umwambie "meza", kisha msifu anapofanya hivyo. Michezo ya kupuliza mapovu ya sabuni, kunyonya kwa mrija na kubusu kioo huimarisha midomo. Futa kidevu kwa kugusa, si kwa kusugua, na upake mafuta ya mgando kuilinda ngozi. Pale penye mtaalamu wa usemi na lugha, muone mapema. Kazi yake haianzii kwenye maneno, huanzia kwenye kumeza.

Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floridi: kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, na kiasi cha punje ya njegere kwa wa miaka mitatu hadi sita. Mzazi ndiye apige mswaki hadi atakapojiridhisha kwamba mtoto anaweza. Kwa wengi hilo huchukua miaka zaidi kuliko kwa ndugu zao. Kwa familia zinazoishi katika mikoa kama Arusha, Kilimanjaro na Manyara, ambako maji ya baadhi ya maeneo yana floridi nyingi kiasili, muulize daktari wa meno kabla ya kumwongezea mtoto floridi ya aina nyingine. Dawa hiyo ndogo kwenye mswaki yatosha, mradi afundishwe kutema.

Vitu vitamu viliwe pamoja na mlo, si kumung'unywa siku nzima. Baada ya dawa ya maji yenye sukari, mpe maji asukutue au anywe. Usimlaze na chupa. Mpeleke kwa daktari wa kinywa na meno jino la kwanza linapoota, au afikishapo mwaka mmoja hata kama hajaota jino, kisha kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Ziara hizo za mwanzo hazihitaji jino bovu. Humzoesha mtoto kiti, taa na sura ya daktari, ili siku tiba itakapohitajika isiwe vita.

Kinywa cha maisha marefu

Nchini Marekani, mtu mwenye Sindromu ya Down aliyezaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitarajiwa kuishi takriban miaka 25. Leo matarajio hayo yamefika karibu miaka 60, hasa kwa sababu ya upasuaji wa moyo na tiba ya maambukizi. Katika nchi zetu nako, watoto ambao zamani wangefariki wakiwa wachanga sasa wanafanyiwa upasuaji na kurudi shuleni. Hilo linabadilisha maana ya utunzaji wa kinywa. Meno ya mtoto huyu hayamhudumii kwa miaka michache tu. Yanatakiwa kumtafunia akiwa kijana, mfanyakazi na mzee.

Kwa hiyo mzazi atakapokuja tena na kitambaa kilicholowa, kabla ya kuandika dawa, mtoa huduma ainue ulimi wa mtoto na kutazama chini yake. Akikuta dimbwi dogo, au asikute kabisa, atajua kwamba mate hayo yanayodondoka kidevuni ndiyo akiba pekee ya kinywa hicho, na kwamba kazi iliyo mbele yao ni kumfundisha mtoto kuyameza.